Mbegu za zambarau na sukari ya bi mkubwa: nimepima, nimeandika, nimechanganyikiwa

MwanaChumbageni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka. Leo nimeona niandike, maana haipiti wiki bila mtu kuuliza dawa ya asili ya kisukari, na majibu ni yaleyale: mlonge, mwarobaini, mdalasini, mbegu za zambarau. Nitasema zambarau tu, hizo nyingine sijazipima. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Bi mkubwa ana miaka 63, yupo Tanga. Kisukari aina ya pili kiligundulika miaka sita iliyopita. Anameza metformin asubuhi na jioni, na glibenclamide asubuhi, vyote ni vidonge vya kushusha sukari. Uwani kwetu kuna mzambarau aliouacha babu. Wa Pwani mnaujua huo mti: gome la kijivu, majani ukiyafikicha yananuka kama tapentaini, na ukichanua vile viua vyake vyeupe vya nyuzinyuzi nyuki wanavuma huko juu kutwa nzima. Chini panajaa nyuzi utadhani mtu kamwaga machicha ya nazi. Utotoni nilivunjikia mkono pale, matawi yake hayaaminiki hata yakiwa manene.

Basi mama mmoja wa kikundi chao cha kufa na kuzikana akamwambia: wewe una dawa uwani, unahangaika na vidonge vya nini? Bi mkubwa akaokota mbegu, akaziosha, akazianika kwenye ungo juu ya bati mpaka zikawa zinalia kama kokoto. Akatwanga, akachekecha, akajaza kopo la maziwa ya unga. Kijiko kimoja cha chai kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu kabla ya kula. Nilionja. Ni ukakasi mtupu, ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi.

Sikubishana naye. Mama wa Kitanga humshindi kwa mdomo. Nilichofanya ni kununua mashine ya kupimia sukari, stripi, na kaunta buku moja. Tukawekeana sharti: unga kunywa, lakini vidonge haviachwi, na kila asubuhi kabla ya chai anapimwa. Mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye karani.

Daftari linasema hivi. Wiki mbili za mwanzo, kabla hajagusa unga, sukari ya asubuhi ilikuwa inacheza kati ya 8.1 na 11.2 (mmol kwa lita, yaani iko juu), nyingi zikiangukia tisa na kitu. Kisha mwezi mzima wa kijiko: kati ya 7.9 na 11.0. Tisa na kitu ileile. Bi mkubwa akasema dawa ya mti haina haraka. Sawa, tukaongeza mwezi. Tisa na kitu.

Sasa ndipo penye uzi. Msimu ukaisha, kopo likaisha. Akaenda kununua unga wa mbegu za zambarau kwa muuzaji mmoja, umefungwa kwenye pakiti. Siku ya nne ikasoma 5.8. Siku ya sita 5.1. Siku ya saba 4.4. Nyumba nzima vigelegele, mimi huku Dar natumiwa picha za daftari na maneno ya kunisuta.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kijasho chembamba kikamtoka. Mikono inatetemeka, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu dada yake. Mtoto akapima: 2.7. Mungu ambariki yule mtoto, alikuwa amesoma karatasi iliyokuja na mashine. Akakoroga maji na vijiko vitatu vya sukari, akamnywesha, akasubiri robo saa, akapima tena: 3.6. Akampa tena. Ilipofika 5 akampa chapati na chai.

Swali langu kwenu: mti mmoja, mbegu zilezile. Wa uwani kwetu haujatingisha kitu miezi miwili, wa kwenye pakiti unamwangusha mama yangu kwa siku tisa. Inakuwaje?

SitiYaMbele

Nimefika na kahawa na kashata. Wajuzi njooni.

BintiWete

Assalaam alaykum. Mpe pole mama, na huyo mjukuu mnunulieni zawadi.

Miye ni wa Pemba, mzambarau nimekulia chini yake. Skuli tulikuwa tukirudi ndimi nyeusi, mwalimu hakuulizi ulikokuwa, anakwambia toa ulimi. Ila wazee wetu mti huu wakiutumia kwa tumbo: gome linachemshwa kwa mwenye kuharisha, na maji yake ya kusukutulia mwenye vidonda vya mdomo. Habari ya mbegu kwa sukari miye nimeisikia kwa Wahindi wa mjini. Na ndiko ulikotoka wenyewe, Bara Hindi, ukaja na majahazi ya kaskazi kama vitu vingi vyetu. Kule kwao mbegu za zambarau kwa mgonjwa wa sukari ni tiba ya mababu, wala si maneno ya juzi.

Tena ni ndugu na mkarafuu huu mti. Mti wa zambarau na mti wa karafuu, ukoo mmoja. Kwa hiyo msiudharau.

MzeeWaKinu

Mwanzisha uzi, shukuru Mungu mama kapona, lakini umeuhukumu mti kwa pupa.

Kwanza, mbegu za dawa hazianikwi juu ya bati. Zinaanikwa kivulini, penye upepo. Jua la bati linaua nguvu. Pili, hujatuambia zilikuwa mbegu za zambarau zilizoiva vizuri au zilizopukutika zikiwa changa. Tatu, mzambarau wa kupanda na mzambarau mwitu ni miti miwili, na huko vijijini watu wanaichanganya.

Nimesajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kazi hii nimeirithi kwa baba. Sijawahi kumwambia mgonjwa wa sukari aache vidonge vya hospitali. Anayesema hivyo si mganga, ni mwuaji. Na kuhusu hiyo pakiti nina mashaka nayo kuliko wewe. Mti wowote ninaoujua mimi hauangushi sukari kwa siku nne.

Pangu_Pakavu

Hospitali hawataki mjue. Mkipona wao watakula wapi? Mzungu anatukataza mizizi yetu huku yeye anaikusanya usiku.

MfamasiaWaZamu

Nimetoka zamu, nimesoma uzi wote, sasa naandika taratibu.

Kuhusu mti kwanza. BintiWete yuko sahihi kuhusu India. Na hata Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19, mbegu za zambarau ziliuzwa kwenye maduka ya dawa kwa wagonjwa wa kisukari. Hawakuwa na kingine. Insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kabla ya hapo daktari alikuwa na mawili tu: kumnyima mgonjwa chakula, na kubahatisha mimea. Ilipopatikana insulini, zambarau ikarudi rafu ya nyuma. Hakuna aliyeificha. Iliwekwa pembeni kwa sababu wagonjwa waliokuwa wanakufa walianza kuishi.

Maabara wameendelea nayo. Panya wanaochomwa aloksani, kemikali inayoharibu kongosho, wakipewa dondoo la mbegu za zambarau sukari yao mara nyingi inashuka. Kuna tafiti nyingi za namna hiyo. Ila dozi ya panya ukiipigia hesabu kwa uzito wa mtu, kile kijiko cha chai cha bi mkubwa kinakuwa kichekesho. Na kuna hatua nyingi kati ya panya na binadamu.

Kwa binadamu, jaribio ninalolikumbuka vizuri ni la Brazili, mji wa Porto Alegre. Kule mti huu umeota kila mahali na watu wa kisukari wanakunywa chai ya majani yake. Watafiti wakasema tupime. Wakagawa wagonjwa makundi matatu: wengine chai ya mzambarau na kidonge bandia kisicho na dawa ndani, wengine chai bandia na glibenclamide, wengine bandia kwa bandia. Mgonjwa hajui anakunywa nini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006: sukari ilishuka kwa waliomeza glibenclamide. Wa chai ya mzambarau haikushuka. Wagonjwa walikuwa wachache, na yalikuwa majani, si mbegu, kwa hiyo siwezi kukwambia kesi imefungwa. Lakini tazama jinsi inavyofanana na daftari la bi mkubwa. Tisa na kitu, tisa na kitu.

Sasa pakiti. Kabla sijasema ninalolifikiria, nijibu haya:
Siku zile tisa alikuwa anakula kama kawaida? Watu wakiona sukari inashuka wanajinyima ili ishuke zaidi.
Stripi hazijapita muda, na kopo lake linafungwa? Unyevu wa Tanga unaharibu stripi.
Figo zimepimwa lini? Figo zikichoka glibenclamide inakaa mwilini kupita kiasi, na mtu anaweza kuanguka hata bila mti wowote.
Pakiti bado unayo?

@Pangu_Pakavu, hiyo metformin anayomeza mama yake asili yake ni mmea. Unaitwa Galega, wa Ulaya, na wakulima wao waliutumia kwa watu wenye dalili za kisukari karne nyingi zilizopita. Kemikali ya ndani yake ilionekana inashusha sukari lakini ina sumu, wakatengeneza ndugu zake walio salama zaidi, na daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformin kwa wagonjwa mwaka 1957. Leo inatumika dunia nzima. Mmea ukithibitika unawekwa kwenye kidonge chenye miligramu zinazojulikana.

MwanaChumbageni

@MfamasiaWaZamu ubarikiwe. Nimempigia mjukuu, majibu haya hapa.

Alikuwa anakula. Asubuhi ile alikula maandazi mawili. Stripi ni nzima, na tulifungua kopo jipya wiki ileile. Figo sina kumbukumbu, nitauliza. Pakiti ipo, imebaki nusu.

Nimeitumiwa picha. Jina la mtengenezaji halipo. Kuna namba ya simu, kuna maneno "mbegu za zambarau na mitishamba 7, hutibu kisukari, presha, nguvu za kiume, mirija iliyoziba", na kuna picha ya mti. Wakuu, ule mti si mzambarau. Ni mwembe. Una maembe.

SitiYaMbele

Mwembe 😂😂 Kahawa imenipalia.

MzeeWaKinu

Hawa ndio wanaotuchafulia jina. "Hutibu kisukari, presha, nguvu za kiume." Dawa moja ikitibu kila kitu ujue aliyeitengeneza haogopi kitu.

MfamasiaWaZamu

Haya, sasa nasema. Ni hisia tu, maabara ndiyo itakayothibitisha.

Kuna mchezo unajulikana duniani kote: unga wa mitishamba unachanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Kwa dawa za kisukari, kinachokutwa mara kwa mara ni glibenclamide, kwa sababu ni ya bei ndogo na matokeo yake yanaonekana upesi. Mteja anapima, anaona imeshuka, anawaambia majirani.

Singapore mwaka 2008 ilikuwa mbaya zaidi. Wanaume wasio na kisukari kabisa walianza kuletwa hospitali wamezimia, sukari iko chini kupindukia. Wagonjwa walifika 150, wanne wakafa. Kufuatilia, wengi walikuwa wametumia dawa za kienyeji na vidonge bandia vya nguvu za kiume, na ndani yake kulikuwa na glibenclamide kwa kiwango kikubwa.

Sasa fikiria bi mkubwa. Glibenclamide inalikamua kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Metformin peke yake ni nadra kumwangusha mtu hivyo. Yeye tayari anameza glibenclamide kila asubuhi. Kama na kwenye pakiti imo, alikuwa anameza mara mbili, na ya pili hakuna anayejua ni miligramu ngapi. Maandazi mawili hayafui dafu.

Usiitupe hiyo pakiti. Ifunge, andika tarehe aliyoanza na siku aliyoanguka, uipeleke TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, pamoja na nakala ya daftari. Na muda huu asinywe hata chembe.

Mama_Zuhura_Mvita

Hamjambo ndugu zangu wa Tanga, mimi niko Mombasa. Nimesoma nikanyamaza, lakini acha nami niseme langu.

Mtoto wangu wa kike ana kisukari aina ya kwanza, tangu ana miaka saba. Sindano kila siku. Huku kwetu zambarau zikiingia sokoni, hakosi mtu wa kunipigia hodi na kifuko cha mbegu. Jirani mmoja, na ni mtu ninayempenda, aliniambia mtoto nimemzoesha sindano, nimpumzishe wiki mbili nimpe mbegu. Wiki mbili! Wangu mie kongosho lake halitoi insulini kabisa. Akikosa sindano siku chache tu, mwili unaanza kujila, anapumua kwa nguvu, mdomo unanuka kama tunda lililochacha, anapoteza fahamu. Nishaiona mara moja, kabla hajagunduliwa. Sitaki kuiona tena.

Nilimjibu kwa upole, nikapokea mbegu, nikasema ahsante. Mbegu nikazifukia. Mti umeota, unanifika kiunoni sasa. Zuhura anaumwagilia.

Ninachowaomba, mkiandika humu "kisukari" semeni ni aina gani. Mtu anasoma kwa simu saa nane za usiku akiwa na hofu, hajui tofauti.

BintiWete

Zuhura Mungu amlinde. Umesema kweli, na miye sikutaja. Nilikuwa nnasema ya watu wazima, ile ya pili.

Kipara_cha_Meru

Mnakumbuka 2011? Samunge, Loliondo, kwa yule mchungaji mstaafu aliyenywesha watu dawa ya mti. Kikombe shilingi 500, mti mugariga, na kisukari kilikuwemo kwenye orodha. Tulilala kwenye gari siku tatu, foleni ya magari huoni mwisho. Nchi nzima ilikuwa njiani, wenye elimu na wasio nayo. Nilikunywa, kulikuwa na vumbi jingi, nikarudi. Sikuwa naumwa chochote, nilimsindikiza baba mkwe.

Pangu_Pakavu

Kwa hiyo mnasema mizizi yote ni uongo?

MzeeWaKinu

Hakuna aliyesema hivyo, kijana. Soma uzi. Mfamasia amekwambia dawa ya hospitali ilitoka kwenye mmea, mimi nakwambia mitishamba ina sheria yake tangu 2002, na Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili. Mwanzisha uzi ana jambo moja ambalo wewe na mimi hatuna: daftari. Mimi mwenyewe nikiri, miaka yote hii nimewauliza wagonjwa "unajisikiaje?", wakasema "nafuu", nikaandika nafuu. Sukari ya tisa haiumi. Mtu anajisikia vizuri kabisa huku macho na figo zinaliwa.

Ila mbegu zianikwe kivulini. Hapo sirudi nyuma.

MwanaChumbageni

MREJESHO.

Samahani kwa kimya cha wiki tatu, nilikwenda Tanga mwenyewe.

Kliniki tulienda na kaunta buku. Daktari, dada mdogo tu kiumri, alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema wagonjwa wengi wanakuja na namba moja, ya siku hiyohiyo, tena baada ya kujinyima chakula jana yake. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilisoma asilimia 8.2. Figo zimepimwa, ziko sawa. Glibenclamide imeondolewa, metformin imeongezwa, na amepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Kuhusu mbegu za uwani hakumgombeza. Alimuuliza: unazipenda? Bi mkubwa akasema: ukakasi ule nani anaupenda? Basi wakacheka, na kijiko kikaishia hapo.

Pakiti nimeikabidhi kwa wahusika pamoja na nakala za daftari, wameandika maelezo yangu na kunipa karatasi. Majibu yakija nitayaweka hapa. Yule muuzaji simu yake haipatikani.

Tangu aache pakiti sukari ilipanda kwanza, tukarudi kwenye tisa, ikafika 10 siku mbili hivi. Wiki hii ya tatu imeanza kusoma saba na kitu. Sijui ni dozi mpya au ni kutembea, maana daktari alimwambia atembee nusu saa kila siku, na bi mkubwa akiambiwa na mtu mwenye koti jeupe anafanya. Anazunguka mpaka barabara ya lami na kurudi, kanga kajifunga kiunoni.

Jambo lingine limezuka. Wale mama wa kufa na kuzikana wameona daftari, wanakuja asubuhi kupimwa. Jana nimewakuta wanne chini ya mzambarau, wamekaa kwenye jamvi hawajanywa chai, wanasubiri zamu. Kila mmoja ana ukurasa wake. Stripi wananunua kwa mchango wa kikundi, ingawa bei yake inauma. Yule aliyemfundisha bi mkubwa mbegu za zambarau alisoma 14.3. Alikuwa hajawahi kupimwa maishani.

MfamasiaWaZamu

Huyo wa 14.3 apelekwe kliniki kesho, si keshokutwa. Na mkuu, niambie kuhusu sindano ya kutobolea kidole. Wanashirikiana?

MwanaChumbageni

Kesho naye naondoka saa moja, nimeshamwambia mwanawe. Kuhusu sindano, mama wanne, sindano nne. Mjukuu anazihesabu kabla na baada, na chombo cha kutobolea kila mmoja ana chake. Kavitia alama ya rangi ya kucha ili visichanganyike.